Mgeni wa Ndayisenga

Majambazi walimtaka askofu, na Ndayisenga akawapa binti yake.

Ndivyo watu wa Kasulo walivyolisimulia jambo lile baadaye, kwa sentensi moja tu, na hakuna aliyeweza kusema kwamba walikosea. Esperansia, mke wa Ndayisenga, alitamani ipatikane sentensi ya pili, ya kuipunguza makali ile ya kwanza. Aliitafuta akiwa shambani, akaitafuta akiwa kisimani. Hakuipata.

Ilikuwa jioni, jua limeshazama lakini kuku bado wanagombania nafasi bandani. Askofu Leonidasi alikuwa amekuja kutoka Mwanza kuongoza harambee ya mabati ya Kanisa la Mlima wa Neema, na kama ilivyokuwa desturi alifikia kwa Ndayisenga, mzee wa kanisa. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Ineza, binti mkubwa wa nyumba, mwali aliyekwisha kuposwa, alikuwa amepiga magoti mbele ya mgeni akimnawisha mikono. Mdogo wake Nice, mwanafunzi wa darasa la saba, alisimama pembeni ameshika taulo. Esperansia alikuwa anaingia na bakuli la mchuzi alipowaona wanaume watatu wamesimama sebuleni kwake kama watu waliokaribishwa. Wawili walikuwa na bunduki.

Walitaka fedha za harambee. Askofu akawaambia kwamba fedha zote zilishatumwa kwa simu tangu mchana. Wakamwaga begi lake sakafuni. Ikaanguka Biblia, yakaanguka mashati na chupa ya mafuta ya upako, basi. Mmoja wao, mfupi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, akasema kama ni hivyo wataondoka na mwenye begi, waumini wake watamkomboa.

Hapo ndipo Ndayisenga aliposimama. Esperansia alidhani anakwenda kuwapigia magoti. Hakupiga magoti. Kwa sauti ile ile aliyoitumia kusomea matangazo kanisani, aliwaambia kwamba mtu huyu ni mpakwa mafuta wa Bwana na ameingia chini ya paa lake. Akichukuliwa hapa, laana itakaa juu ya nyumba hii kizazi hata kizazi.

"Kama ni lazima mwondoke na mtu," alisema, "chukueni wa kwangu."

"Wa kwako yupi?"

Ndayisenga aliwatazama mabinti zake. Alimtazama Nice, akamtazama Ineza, na Esperansia, bakuli likimuunguza viganja, akajikuta anaomba moyoni lisitajwe jina la mdogo.

"Ineza," alisema Ndayisenga.

 Hata yule mfupi alimuuliza kama akili zake ni timamu, na Ndayisenga akajibu kwamba yeye ana ng'ombe na ana shamba, mtoto wake atakombolewa upesi kuliko askofu. Mmoja wa wenzake akasema mzee ana hoja. Huyu mnene atawachelewesha porini, na akipotea askofu serikali nzima itaingia msituni kumtafuta. Ineza aliweka birika chini. Alijifuta mikono kwenye kanga, akavaa kandambili zake, akatoka nao. Hakulia. Askofu Leonidasi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichokuwa karibu kabisa na mlango, na mikono yake bado ilikuwa inadondosha maji.

*

Asubuhi askofu aliomba gari lake jeupe lisogezwe uani. Akawawekea mikono vichwani wote waliokuwepo, akaomba kwa kirefu habari za Danieli ndani ya tundu la simba. Esperansia alimngoja amalize. Kisha akainama, kama inavyompasa mwanamke mbele ya mtumishi wa Mungu, akamuuliza kama zile fedha za mabati zisingeweza kukopwa zikamkomboe mtoto, washirika wazirudishe kahawa ikivunwa.

"Mama, kilichowekwa madhabahuni hakitolewi," alisema askofu.

"Daudi alipokuwa na njaa alikula mikate ya madhabahuni, baba askofu. Na Yesu mwenyewe hakumlaumu."

"Daudi alikuwa mpakwa mafuta."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. Ndayisenga akamwamuru mkewe akalete chai. Chai ya nini, wakati askofu alikuwa ameshika mlango wa gari? Lakini Esperansia alikwenda jikoni, akasimama mbele ya mafiga mpaka aliposikia gari limeondoka.

Wale watu walikuwa wamekataza polisi wasijulishwe, na Ndayisenga hakuwajulisha. Aliuza ng'ombe wake, na mitamba iliyoletwa kutoka Mabawe kwa mahari ya Ineza akaiuza pia. Mnunuzi alijua kilichompata, kwa hiyo hakutoa bei ya ng'ombe, alitoa bei ya shida. Kisha kikauzwa kipande cha shamba kilichoelekea bondeni, pale palipokuwa na migomba mizuri. Washirika wa Mlima wa Neema walikuja kila siku kuomba. Waliimba vizuri, walikula maharage yote yaliyokuwa ndani, wakamwambia Ndayisenga kwamba jina lake litaandikwa pamoja na mashujaa wa imani.

Aliyeleta fedha ni Consolatha, jirani yao Mkatoliki, ambaye Ndayisenga alikuwa akiwaambia watoto wake tangu wadogo kwamba anaabudu sanamu. Alikuja nazo zimefungwa kwenye ncha ya kitenge, akazifungua jikoni mbele ya Esperansia. Alisema ni za mbuzi, na kwamba mbuzi huzaa. Hakukaa. Hata maji hakutaka.

*

Ineza alirudi baada ya wiki mbili na kitu, fidia ikiwa imeshalipwa, amepakiwa kwenye baiskeli na mchoma mkaa aliyemkuta kando ya barabara iendayo Biharamulo. Miguu ilikuwa imevimba na nywele zake alikuwa amekatwa ovyo. Ndayisenga alipiga magoti uani, akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka majirani wakajaa. Ineza aliteremka kwenye baiskeli, akasimama, akamngoja baba yake amalize kuomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeona Mungu alivyo mwaminifu?"

Ineza aliomba maji ya kuoga. Mama yake akayapasha moto, akayapeleka bafuni, akataka kuingia amsugue mgongo. Mlango ulikuwa umeshikwa kwa ndani. Esperansia alisimama nje ya lile bafu la majani makavu ya migomba akisikia maji yakimwagwa, yakimwagwa tena, mpaka ndoo ikakwangua sakafu.

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi alimtoa Esperansia nje, akamweleza kwa sauti ya chini mambo aliyoyaona, akasema kuna vidonge ambavyo vingepaswa kumezwa mapema na muda wake umepita. Sasa ni kungoja vipimo, na kuvirudia tena baada ya miezi. Esperansia aliitikia kila neno. Jioni alimrudia mumewe na habari zile kama alivyopewa. Ndayisenga alisikiliza huku akitazama chini, na kwa muda mfupi mkewe alidhani atalia. Alipoinua kichwa alisema mambo hayo yasitoke nje ya nyumba, yatachafua ushuhuda.

"Ushuhuda gani?" Esperansia aliuliza.

Ndayisenga alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomozea wapi.

*

Watu wa Mabawe hawakuchelewa. Juvenali, yule mchumba, hakuja. Alikuja shangazi yake Eustakia pamoja na wazee wawili wa ukoo wa Nshimirimana. Walimshukuru Mungu kwa uzima wa binti, wakauliza habari za mvua, wakasifu mabati ya kanisa ambayo waliyaona yakimeremeta tangu barabarani. Ineza aliwaletea soda, akapiga magoti kumpa kila mmoja ya kwake. Eustakia aliipokea ya kwake, akaifuta shingo ya chupa kwa ncha ya kanga, akaifuta mara ya pili, kisha akaiweka chini ya kiti bila kuonja.

"Sisi hatumlaumu mtoto," alisema Ineza alipotoka. "Ila kwetu kuna wazee, na wazee wana maneno."

Walikuja kuomba mitamba yao. Ndayisenga akawaeleza kwamba mitamba iliuzwa ili kumkomboa huyo huyo aliyekuwa mke wao, akategemea kwamba jambo hilo litawalainisha. Mzee mmoja alitaka kulainika. Eustakia akamuwahi.

"Angekuwa ametekwa, mkwe, tungesema msiba ni wetu sote. Lakini hakutekwa. Ulimtoa wewe. Mtu akitoa kitu chake kwa hiari yake, gharama ya kukirudisha hamdai jirani."

 Walikubaliana kwamba italipwa kahawa ya misimu miwili. Walipokwisha kuondoka, Esperansia aliinama kuokota chupa ile iliyojaa, akageuka, akamkuta Ineza amesimama mlangoni. Bila shaka alikuwa amesikia yote. Ineza aliichukua chupa mikononi mwa mama yake, akampa Nice anywe, akaenda kuteka maji.

Tangu siku ile Esperansia alianza kusoma. Alikuwa na Biblia yake ya miaka mingi, aliyozoea kuifungua pale tu mchungaji alipotaja sura. Sasa aliifungua jikoni, maharage yakichemka. Alisoma habari za Yeftha aliyeweka nadhiri na binti yake akailipa. Alisoma habari za Mlawi aliyemsukuma suria wake nje ya mlango. Kisha akafungua kule mbele, penye kusema asiyewatunza walio wake ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Aliliweka jani la mgomba katikati ya sehemu hizo mbili, akafunga. Hakuwa mtu wa kubishana na kitabu. Alichotaka ni mtu wa kumwambia ni upande upi wa kitabu ambao mumewe alikuwa ameusoma.

*

Askofu Leonidasi alirudi kuyaweka wakfu mabati. Kanisa lilijaa hadi nje, na joto la bati jipya likawashukia watu vichwani. Askofu alihubiri habari za Lutu. Alieleza jinsi Lutu alivyowapokea wageni pale Sodoma, jinsi wanaume wa mji walivyoizunguka nyumba wakiwataka wageni hao, na jinsi yule mzee alivyosimama mlangoni akawa tayari kutoa cha kwake cha thamani kuliko kumtoa mgeni wa Mungu. Hakusema hicho cha thamani kilikuwa nini. Akasema mtume Petro amemwita Lutu mwenye haki, na kwamba hata Kasulo Mungu amejipatia Lutu wake.

Ndayisenga aliitwa mbele. Alivikwa koti jeusi jipya, akatangazwa kuwa mwenyekiti wa wazee. Vigelegele vikapigwa. Esperansia aliona mabega ya mumewe yakitetemeka ndani ya lile koti, akajua kwamba analia kwa furaha, na hilo likamuuma kuliko yote yaliyotangulia.

Kisha askofu akamwita Ineza atoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtoa porini.

Ineza alipita katikati ya mabenchi, kichwa amekifunga kitambaa. Alisalimia, Bwana asifiwe, wakaitikia. Alisema wengi humu wanamjua, yeye ndiye mwalimu wa watoto wao wa Jumapili.

"Hadithi hii ya Lutu nimewafundisha watoto wenu," alisema, "na nilikuwa naruka pale anapowatoa mabinti, kwa sababu watoto wangeniuliza. Leo baba askofu naye ameruka mahali. Imeandikwa kwamba mabinti wale hawakutoka. Baba yao alikuwa tayari, lakini wageni walinyoosha mikono yao, wakamvuta ndani, wakafunga mlango. Wageni ndio waliokataa." Akamgeukia askofu. "Wewe ndiye uliyekuwa umekaa karibu na mlango, baba. Kwa nini hukunyoosha mkono?"

 Ndayisenga alikuwa amesimama na koti lake, mdomo wazi.

"Na mama yao aligeuka tu kutazama nyuma, akawa nguzo ya chumvi," Ineza aliendelea, sauti ile ile ya darasani. "Baba aliyetaka kuwatoa akaitwa mwenye haki. Nauliza kwa kuwa sijui. Sibishi."

Askofu Leonidasi alitabasamu kwa huzuni. Aliligeukia kanisa, akauliza kama wamesikia. Akasema anayezungumza si Ineza. Akasema msichana hakai porini na watu wa damu akarudi peke yake, na kwamba kilichorudi naye kimeona mabati mapya, kimekasirika.

Wanawake wa maombi walimzunguka. Ineza alirudi nyuma hatua chache, akaona nyuma yake pia kuna watu, akasema kwa utulivu kwamba tafadhali wasimshike. Wakamshika. Wakamlaza sakafuni, huyu mkono, yule bega, wakiimba, na Ineza akaanza kurusha miguu. Askofu akauliza mama mzazi yuko wapi, maana pepo huutambua mkono wa mama.

Watu wote wakamgeukia Esperansia. Mumewe alimwita kwa jina, hakumwita mama Ineza kama alivyozoea. Esperansia aliinuka. Baadaye alijaribu kukumbuka aliwaza nini wakati akipita katikati ya mabenchi yale, na hakukumbuka chochote ila kwamba kitenge chake kilinasa kwenye msumari na yeye akakinasua kwa uangalifu kisichanike. Alipiga magoti. Akashika vifundo vya miguu ya binti yake, akakandamiza.

Ndipo Ineza alipopiga kelele, mara ya kwanza tangu arudi. Haikuwa na maneno. Kanisa zima likapiga makofi, maana wanasema pepo akipiga kelele ndiyo anatoka. Askofu alimmiminia mafuta usoni, akamkemea aliye ndani yake, akamkemea tena, mpaka Ineza akalegea na kukaa kimya, macho yakitazama bati. Ikatangazwa kwamba yuko huru.

Esperansia alipoachia mikono aliona alama za vidole vyake kwenye vifundo vile. Zilikuwa zimekaa juu ya alama nyingine, za kamba, ambazo hakuwa ameziona kabla, kwa sababu Ineza hakuwahi kukubali kuogeshwa.

*

Jumatatu asubuhi Ndayisenga aliikusanya familia kwa sala. Askofu alikuwa amelala Ngara mjini, na mchana angekuja kula na wazee kabla ya kurudi Mwanza. Ndayisenga alivaa koti lake jeusi juu ya shati la shamba. Alisoma amri ya kuwaheshimu baba na mama, akafunga kitabu, akamwambia Ineza kwamba askofu atakapofika apige magoti amwombe radhi mbele ya wazee, amalize mambo.

Ineza alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameifunika.

"Nakuheshimu, baba," alisema. "Siku ile ulipowaambia wanichukue, sikukuuliza kitu. Nilivaa viatu nikaenda. Heshima yote niliyokuwa nayo niliitumia siku ile. Sina nyingine ya kumpa mgeni wako."

Ndayisenga aliinua mkono. Nice akafumba macho. Lakini mkono haukushuka. Alibaki ameuinua, akautazama, kisha akautumia kujikuna shingo pale koti lilipomkera, akasema atakayetoka nyumbani mwake bila kuomba radhi asirudi.

Ineza hakuwa na cha kufungasha ila gauni na sweta. Alisema atakwenda Nyamigogo kwa Tecla, mdogo wake mama, ambako watu hulima vibarua msimu wote na hakuna anayemjua. Esperansia alijitanda kitenge, akatoka naye. Hakumuaga mumewe. Walipita kwa Consolatha, aliyekuwa akianika maharage, naye akaacha kazi yake, akamtazama Ineza, akamtilia mkononi nauli kama mtu anayerudisha deni, ingawa aliyekuwa na deni ni upande mwingine.

Barabarani walisimama kando kando wakingoja gari. Esperansia alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu jana, na kila alipotaka kuyatoa aliviona vile vifundo.

"Jana nilikushika," alisema mwishowe.

"Najua, mama. Niliitambua mikono yako."

Lori la mizigo liliwapita, vumbi likawafunika. Lilipotulia Esperansia akasema hawezi kumwacha aende peke yake. Atapanda naye mpaka Nyamigogo, atamweleza Tecla kwa mdomo wake, atalala huko, na baada ya kulala huko ataona. Alizungumza upesi upesi, na kadiri alivyozungumza ndivyo jambo lile lilivyozidi kuwa rahisi. Alijiona ameshafika. Alijiona na jembe kwenye shamba la watu, binti yake kwenye tuta la pili, hakuna mwenyekiti wa wazee wala kengele ya kanisa.

Gari dogo la abiria lilitokea kwenye kona. Ineza alilipungia, likasimama. Mama yake akamtangulia kushika mlango, mguu mmoja umeshapanda.

Ineza alimgusa bega.

"Mama, shuka," alisema. "Leo kuna wageni, na Nice yuko nyumbani na baba."

Kondakta aliwauliza kama wanapanda wote au vipi. Esperansia aliteremsha mguu. Ineza akaingia, akakaa upande usio na dirisha, mlango ukafungwa.

Esperansia hakungoja gari liondoke. Aligeuka, akaanza kurudi, mwanzoni kwa mwendo wa mwanamke mtu mzima anayepita mbele za watu. Alipolivuka shamba la kahawa la kwanza akaona kwa mbali gari jeupe likikata kona kuelekea nyumbani kwake. Akakusanya kitenge mikononi, akakimbia.